Kahawa kwa Baiskeli Unguja: Mwongozo Kamili wa Mji Mkongwe, Ng'ambo na Paje

Mji Mkongwe ni mdogo. Kutoka Malindi hadi Shangani ni kilomita moja na kitu, na anayezijua njia anaukata kwa miguu kwa dakika ishirini. Kwa hiyo anayekodi baiskeli ili azunguke vichochoroni kutoka mkahawa mmoja hadi mwingine ameipa kazi isiyo yake. Kazi ya baiskeli hapa ni kukuzungusha pembeni mwa mji, kukuvusha Ng'ambo, mitaa ya upande wa pili wa Creek Road, na ukiwa na siku ya ziada, kukufikisha Paje, kijiji cha pwani ya kusini mashariki. Ndani ya vichochoro baiskeli inakokotwa kwa mkono. Ukilikubali hilo tangu mwanzo, ratiba yote inakaa sawa.

Kahawa nayo ni za aina mbili, na hapa hatuzipangi ipi bora. Kuna ya mkahawani: Arabika ya bara inayojulikana shamba au angalau wilaya, iliyokaangwa karibuni, ikasagwa mbele yako. Kwa waonjaji wa kazi hiyo, kahawa ya daraja la juu ni ile iliyopata alama 80 na zaidi kati ya 100. Na kuna ya dele, birika la mdomo mrefu, inayonywewa barazani kwa finjani ndogo bila sukari. Aliyekunywa moja akaiacha nyingine amerudi na nusu ya mji.

Unguja yenyewe hailimi kahawa ya biashara, na sababu iko wazi: sehemu ya juu kabisa ya kisiwa haifiki sana zaidi ya mita 120 kutoka usawa wa bahari, wakati Arabika nzuri ya Tanzania hupandwa kuanzia kama mita 1,000 kwenda juu, huko Kilimanjaro, Arusha, Mbeya, Songwe na Mbinga. Robusta, aina nyingine ya buni, inatoka Kagera. Ukitembezwa mashamba ya viungo unaweza kuoneshwa mti mmoja mmoja wa mbuni, lakini huo ni wa maonyesho. Muuzaji akikwambia mfuko wake ni "kahawa ya Zanzibar", muulize imelimwa wapi. Mara nyingi jibu ni kwamba imekaangwa au imefungashwa hapa tu.

Majira na saa

Masika, kuanzia katikati ya Machi hadi Mei, si wakati wa safari hii. Mvua ikikaza, vichochoro vinakuwa mito midogo, mawe yanateleza, na breki za mpira kwenye rimu ya chuma hushika vibaya mno zikilowa. Vuli ya Oktoba hadi Desemba ina mvua za kuja na kuondoka, hiyo inavumilika. Kuanzia Juni hadi Septemba unavuma kusi: hewa ni nzuri, jua halichomi sana, ila njia ya Paje inakuwa ya kupigana na upepo wakati wa kwenda na ya kusukumwa wakati wa kurudi. Desemba hadi Machi ni kaskazi, joto kali. Hapo panga ukanyage pedali kabla ya saa nne asubuhi na baada ya saa kumi jioni, katikati ukae kivulini.

Ijumaa, kuanzia kama saa sita mchana, mitaa ya karibu na misikiti hujaa watu wanaokwenda kusali na maduka mengi hufungwa kwa muda. Weka mapumziko yako hapo.

Ramadhani inageuza kila kitu. Mchana hakuna kahawa barazani, na mikahawa mingi hufunga au huhudumia wageni ndani pasipoonekana. Usinywe hata maji hadharani ukiwa juu ya baiskeli. Sogea kando, ingia ndani. Baada ya futari na tarawehe ndipo baraza zinapofurika, na kahawa huendelea hadi usiku mwingi. Kwa mpenda kahawa ya dele hakuna mwezi mzuri kuliko huu, mradi uwe na taa mbili, nyeupe mbele na nyekundu nyuma, kwa kuwa vichochoro vingi ni giza tupu.

Baiskeli: ipi, na ikaguliwe vipi

Za kukodi ni za namna mbili. Ya kwanza ni ile nyeusi ya kizamani, gia moja, matairi ya 28 x 1½, karia nyuma na breki za vyuma badala ya waya. Ya pili ni ya gia yenye matairi mapana ya inchi 26. Kwa mji na Ng'ambo chukua ya gia moja. Ardhi ni tambarare, karia yake inabeba mzigo wa maana, na ikiharibika hakuna fundi wa chini ya mwembe asiyeijua. Kwa Paje chukua ya gia, kwa ajili ya upepo zaidi kuliko vilima.

Usilipe kabla hujakagua. Mpangishaji mwaminifu hachukii, na anayekuharakisha kuna kitu anakificha.

1. Inua gurudumu la mbele, lizungushe, tazama pengo kati ya rimu na mpira wa breki. Rimu ikiyumba zaidi ya unene wa sarafu mbili, kuna spoki imelegea au imekatika. Zipapase zote kwa vidole, utaisikia iliyolegea.
2. Shika usukani, bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia mlio kama wa kitu kinachogonga ndani, bolibeari za kichwa zimelegea. Kataa, au ikazwe mbele yako.
3. Shika mikono ya pedali, iyumbishe kushoto na kulia. Kucheza kidogo kunavumilika, ila ikicheza sana pini imelika na itakuacha njiani.
4. Inua cheni katikati kwa kidole. Ipande kama sentimita moja hadi moja na nusu. Ikining'inia zaidi itaruka kwenye meno, na ikiwa imekaza kabisa itakuchosha na kuimaliza frii wili.
5. Tazama kutu kwenye viungo vya cheni. Hewa ya hapa ina chumvi, cheni isiyopakwa mafuta hushika kutu upesi sana. Kutu ya juujuu huondoka kwa tone la mafuta kila kiungo. Viungo vilivyoganda, badilishiwa baiskeli.
6. Bonyeza tairi kwa dole gumba. Likibonyea kwa urahisi, jaza upepo hapo hapo, kisha kaa dakika kumi ubonyeze tena kabla ya kuondoka. Tairi la inchi 28 hutaka kama paundi 50. Kiwango chenyewe kimechapwa ubavuni mwa tairi, kisome.
7. Kiti kipande hadi mguu ukaribie kunyooka pedali ikiwa chini. Wengi huendesha na kiti kikiwa chini mno, halafu magoti yakiuma wanailaumu njia.

Angalia valvu. Valvu nene, kama ya pikipiki, hujazwa kwenye kituo chochote cha mafuta. Valvu ya kizamani yenye kipira chembamba ndani hutaka pampu ya mkono, na hicho kipira hukauka na kupasuka kwa joto. Ukiona tairi linaisha upepo polepole na hakuna tundu, kosa ni la kipira. Nunua viwili vya akiba, ni vya bei ya chini kabisa.

Mfukoni beba tyubu moja ya saizi yako, viraka, solusheni, kipande cha msasa, vyuma viwili vya kutolea tairi, spana ya namba 15 kwa nati za magurudumu, na pampu. Pancha za hapa aghalabu ni za miiba na vipande vya chupa barabarani, na zile za kubanwa: tairi laini likigonga ukingo wa jiwe, tyubu inapata matundu mawili yanayotazamana. Ukiona matundu mawili namna hiyo, ziba yote na uongeze upepo, kwa maana tairi lilikuwa na upepo haba.

Kofuli: mnyororo wa kuweza kuzunguka nguzo na kupita kwenye fremu na gurudumu. Uliza mkahawani kwanza pa kuiweka, mara nyingi wataikaribisha uani.

Siku moja: mzunguko wenyewe

Anza Mnazi Mmoja saa kumi na mbili na nusu asubuhi, chupa ya maji imejaa. Huu ni upande wa kusini mwa mji, pana nafasi ya kuijaribu baiskeli kabla ya kukutana na magari. Kumbuka tunaendesha kushoto, hilo kwa wasafiri wanaotoka nchi za kuendesha kulia. Fuata barabara ya Benjamin Mkapa, ambayo wenyeji bado wengi huiita Creek Road, kuelekea kaskazini. Saa hiyo bado ina nafasi. Ikifika saa mbili, Darajani hujaa gari za abiria, mikokoteni, vespa na watu wanaovuka popote, na hapo ni bora kushuka na kukokota.

Finjani ya kwanza inywe Darajani au Malindi, barazani au kwa muuza kahawa anayepita. Hao huanza mapema, baada ya sala ya alfajiri, wakati mikahawa mikubwa bado imefunga milango. Finjani moja tu, na mandazi au boflo ili tumbo lisiwe tupu. Kisha zunguka Malindi ushuke barabara ya Mizingani ya pwani, ukiwa na bahari mkono wa kulia, hadi Forodhani. Asubuhi hii ndiyo njia nzuri kuliko zote za mji kwa baiskeli, na jioni ndiyo mbaya kuliko zote kwa sababu ya umati.

Kutoka Forodhani pita Shangani hadi barabara ya Kenyatta. Kwenye saa mbili hivi mikahawa hufunguliwa. Stone Town Café iko hapo Kenyatta, na ni mahali pa kufungua kinywa zaidi kuliko pa kuonja kahawa kwa makini. Ukitaka kuonja, sogea ndani: Puzzle Coffee Shop iko mitaa ya Minara Miwili, kwenye kanisa la Mtakatifu Yosefu, na Zanzibar Coffee House iko Mkunazini, ikihusiana na shamba la Utengule la Mbeya. Saa hubadilika kulingana na msimu wa wageni, hivyo hakikisha siku moja kabla.

Hapa ndipo unaposhuka. Sababu ya kwanza ni watu. Kichochoro kikiwa na upana wa mita mbili, kimebeba watoto wa chuo cha Kurani, mama na kikapu, hamali na mkokoteni, na vespa inayokuja kwa kasi kwenye kona isiyoonesha kitu. Sababu ya pili ni kuta. Nyumba za mawe ya matumbawe zimepigwa lipu ya chokaa, na pedali au ncha ya usukani ikigusa tu, lipu inakwanguka na unga mweupe unamwagika miguuni mwako mbele ya mwenye nyumba. Kokota ukiwa kati ya baiskeli na ukuta, si baiskeli kati yako na ukuta. Kwenye kona sema "hodi, hodi" kwa sauti kama wafanyavyo mahamali, maana kengele wengi hawaigeukii. Ukitaka kupita nyuma ya watu, "nipisheni kidogo" inatosha. Usiegemeze baiskeli kwenye mlango wa nakshi wala kwenye baraza ya mtu. Baraza ni kikao chao, hata kama asubuhi ile hakuna aliyekaa.

Simu itakupoteza. Kuta ni ndefu na njia ni nyembamba, alama yako kwenye ramani huruka mtaa mzima. Tumia minara. Ukiona ile miwili uko upande wa Shangani na Vuga, na ule mmoja wa kanisa la Kianglikana ni Mkunazini. Ukipotea kabisa, chagua upande mmoja usigeuke: mji umezungukwa na bahari pande mbili na Creek Road upande wa tatu, hutakosa kutokea.

Mikahawa miwili asubuhi inatosha. Kuanzia saa sita hadi saa tisa pumzika, ule, unywe maji.

Saa kumi hivi, alasiri ikishasaliwa, vuka Creek Road uingie Ng'ambo. Wageni wengi hawavuki, na hilo ni hasara yao. Njia hapa ni pana, baiskeli inaruhusu kuendesha, na wakazi wengi wenyewe wako juu ya baiskeli. Kutoka Mnazi Mmoja nenda Kikwajuni, panda hadi mzunguko wa Michenzani kwenye yale majumba marefu ya ghorofa, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, kisha rudi kwa Mlandege hadi Darajani. Ni kilomita tatu au nne tu. Ila usihesabu kilomita, hesabu baraza: kila kona yenye kivuli ina watu, bao au dhumna, na dele. Maliza kwa Jaws Corner, Sokomuhogo, kuanzia saa kumi na moja, baiskeli imefungwa nje au imekokotwa. Hapo ni maskani maarufu, siasa zinazungumzwa kwa sauti ya juu, na mgeni anakaribishwa akae asikilize. Kuchangia hoja ni juu yake.

Mkahawani: uagize nini na uonje vipi

Kosa kubwa la wanaozunguka mikahawa ni kuagiza kitu tofauti kila mahali: hapa kapuchino, pale late ya barafu, kule keki. Mwisho wa siku huna cha kulinganisha. Agiza kinywaji kile kile. Tunapendekeza espreso moja na glasi ya maji, au kahawa ya kuchujwa kwa mkono ikiwa wanayo. Maziwa hufunika makosa ya buni, na katika joto la nyuzi 30 bilauri kubwa ya maziwa ni mzigo tumboni ukianza kukanyaga pedali.

Kabla ya kuagiza, uliza maswali matatu: buni hii ya wapi, imekaangwa lini, imeoshwa au imekaushwa na tunda lake? Barista, yaani mpika kahawa wa mkahawani, anayejua atajibu bila kutazama mfuko. Jibu la "ni ya Tanzania" halitoshi. Wiki moja hadi nne baada ya kukaangwa ndio wakati wake mzuri, kwani siku za kwanza bado inatoa gesi na ladha haijatulia. Ya Arabika iliyooshwa hutoa ladha safi, yenye uchachu mwepesi kama wa limau au zabibu. Iliyokaushwa na tunda ni nzito na tamu zaidi, na ikiwa imekaushwa vibaya inanuka kama tunda lililovunda.

Espreso ya kawaida ya dabo ni gramu 18 za unga zinazotoa kama gramu 36 za kahawa kwa sekunde 25 hadi 30. Unaweza kuhesabu sekunde kimoyomoyo ukiwa kaunta. Ikitoka kwa sekunde 15 itakuwa chachu na nyepesi, maana maji yamepita haraka. Ikidondoka kwa sekunde 45 itakuwa chungu na kavu ulimini. Unguja jambo hili hutokea hata kwa barista mzuri, na chanzo ni hewa: buni na unga hunyonya unyevu, kwa hiyo kipimo cha kusaga kilichofaa saa mbili asubuhi kinaweza kisifae saa sita. Ukiona barista anamwaga kikombe na kurekebisha mashine ya kusagia, kaa hapo, umefika pazuri.

Sababu nyingine ni umeme. Unguja hupata umeme kutoka bara kwa waya uliopita chini ya bahari, na ukikatika mashine ya espreso hupoa. Ukirudi, mashine hutaka dakika ishirini hadi thelathini ipate moto sawasawa, na kikombe cha kabla ya hapo huwa chachu. Siku ya umeme wa kuja na kuondoka, agiza ya kuchujwa kwa mkono, inayohitaji maji ya moto tu.

Onja mara tatu: ikiwa moto, ikiwa vuguvugu, ikiwa imepoa. Buni nzuri huzidi kuwa tamu ikipoa, ila mbovu ndipo inapojifichua. Andika maneno matano kwenye daftari, si zaidi.

Kiasi: mtu mzima mwenye afya hushauriwa asizidi miligramu 400 za kafeini kwa siku. Espreso moja isiyo ya dabo ina kama 60 hadi 80, na Robusta ina karibu maradufu ya Arabika. Ukichanganya mikahawa miwili asubuhi na finjani tatu jioni bado uko salama, ila zaidi ya hapo mikono itatetemeka kwenye usukani na usingizi utauaga. Kwa kila saa ya kuendesha kunywa nusu lita ya maji au zaidi kidogo, mbali na kahawa.

Barazani: kahawa ya dele

Hapa hakuna menyu. Dele lina mdomo mrefu na linakaa juu ya makaa, kahawa inachemka humo pamoja na unga wake, tangawizi iliyopondwa na iliki, wengine huongeza mdalasini. Buni hukaangwa hadi iwe nyeusi, hivyo usitafute uchachu wa limau. Kinachopimwa ni vitu vingine: uchungu uwe safi usio na ladha ya majivu, tangawizi isikiuke kahawa, na iwe moto kiasi cha kukulazimisha kunywa kwa vifundo vidogo. Tazama mkono wa muuzaji anapomimina: anainua dele taratibu bila kulitikisa, ili machicha yabaki chini, na anaacha kidole kizima cha finjani bila kujazwa ili uishike ukingoni usiungue.

Salimu kwanza. "Assalaam alaykum" kwa wote, kisha "shikamoo" kwa wazee. Ukikuta nafasi uliza "nikae hapa, ami?" na utasogezewa. Kahawa hutangulizwa na kitu kitamu: kashata ya njugu au ya nazi, tende, au kipande cha halua. Tafuna kwanza, kisha nywa. Tone la mwisho liache, ni machicha. Ukirudisha finjani bila neno utajaziwa tena, kwa hiyo ukitosheka sema "ahsante, imetosha". Lipa kwa sarafu. Noti ya elfu kumi asubuhi mapema ni usumbufu kwa muuzaji, na pengine atakwambia uende tu utalipa kesho, jambo litakalokutia haya zaidi kuliko deni lenyewe.

Baraza nyingi ni za wanaume kwa mazoea. Mwanamke msafiri hakatazwi kununua na kunywa, na wengi hufanya hivyo, ila raha yake ni zaidi anapofuatana na mwenyeji. Kwa wote, mavazi: funika mabega na magoti. Suruali fupi za kubana za waendesha baiskeli vaa chini ya suruali pana au kikoi. Picha omba kwanza, na ukikataliwa weka simu mfukoni bila mjadala.

Kununua buni na kupika mwenyewe

Nunua gramu 250, zinatosha vikombe kumi na sita vya gramu 15. Chagua mfuko wenye kitundu cha kutolea gesi na tarehe ya kukaangwa, si tarehe ya kuisha peke yake. Chukua punje nzima, maana unga katika hewa hii ya pwani hupoteza harufu ndani ya siku chache. Na tafadhali usiufunge mfuko huo pamoja na karafuu, mdalasini na vanila ulivyonunua Darajani. Buni hunyonya harufu, na baada ya siku mbili begini utakunywa karafuu.

Kuchuja kwa mkono: gramu 15 za unga wa wastani, kama chumvi ya mawe iliyopondwa, na mililita 250 za maji. Bila mizani, ni vijiko vitatu vya mezani visivyojaa sana. Lowesha karatasi ya chujio. Mimina mililita 40 za mwanzo, ngoja sekunde 30 unga uumuke, kisha mimina zilizobaki kwa mafungu mawili. Yote yaishe kwa dakika tatu.

Joto la maji ndilo linalowaponza watu wa bara. Arusha, kwenye mita 1,400, maji huchemka kwa nyuzi 95 hivi, unamimina moja kwa moja kutoka birikani. Hapa usawa wa bahari yanafika 100. Epua, ngoja nusu dakika hadi dakika nzima, ndipo umimine. Tumia maji ya chupa. Maji ya visima vya Unguja hupita kwenye miamba ya chokaa, ni magumu, na huifanya kahawa nzuri iwe bapa isiyo na uchachu wowote.

Siku ya pili: Paje

Ni kama kilomita 50 kwa lami kupitia Mwanakwerekwe, Tunguu, Jozani na Kitogani. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa ni saa tatu na nusu, na wakati wa kusi ongeza saa moja. Ondoka alfajiri kukianza kupambazuka. Mwanakwerekwe ndipo penye msongamano, ukishapita Tunguu njia inafunguka. Jaza maji Tunguu. Jozani punguza mwendo: kima punju huvuka barabara, na matuta ya kuwalinda ni makali kwa rimu. Kitogani kuna panda, kulia ni Muyuni na Makunduchi, wewe nyooka. Paje, Mr. Kahawa iko ufukweni kabisa, na espreso yake ndiyo kikombe cha kumalizia njia hii.

Maji yakiwa yametoka, mchanga wa Paje hukaza na unashawishi kuendesha. Endesha ukipenda, ila kabla ya kulala isafishe baiskeli kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ifute, tia mafuta cheni. Usipofanya hivyo asubuhi itakuwa na rangi ya machungwa, na mpangishaji atakukata fedha kwa haki.

Kurudi, kama miguu imegoma, gari za Bwejuu na Jambiani hupita hapo kuelekea mjini na hupakia baiskeli juu. Patana bei ya baiskeli kabla haijapandishwa. Ondoa mfuko, chupa na pampu, legeza usukani uugeuze ulalie fremu, na simamia mwenyewe wanapoifunga kamba, gurudumu la nyuma lisibebe mzigo wa mtu mwingine, maana spoki hupindia hapo. Buni pakata mwenyewe. Juu ya gari la abiria saa nane mchana pana joto la kutosha kuikaanga mara ya pili.